Tayari nilikuwa na pingu mikononi: barua zenu kuhusu kuidai polisi fidia

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: mtu kaumizwa na askari wakati wa kukamatwa, naye anataka kujua kama anaweza kwenda mahakamani kudai haki yake. Nimechagua nne. Zimetoka nchi tofauti na sheria hazifanani, kwa hiyo nitaeleza zaidi yale ambayo mahakama za mahali pengi hukubaliana, na pale kesi ya nchi fulani inapotufundisha kitu nitaitaja. Majina na miji ya walioandika nimeyaondoa.

"Ndugu wananiambia nikiri yaishe"

*Shikamoo Wakili. Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 34. Wiki tatu zilizopita askari wawili walinisimamisha usiku, wakasema gari langu linafanana na lililoibwa. Nilibishana nao, sikatai, na nilivuta mkono waliponishika. Lakini nilipokwisha kufungwa pingu kwa nyuma, mmoja alinipiga teke la goti nikaanguka kifudifudi, akanikalia mgongoni, akaupinda mkono mpaka nikasikia mfupa. Kiwiko kimevunjika na kidole gumba hakina hisia hadi leo. Gari lilionekana ni halali. Sasa nimeshtakiwa mimi kwa kukaidi kukamatwa. Nimeambiwa nikikiri nitalipa faini ndogo niondoke. Ndugu zangu wanasema nikiri yaishe, halafu ndipo niwashtaki hao askari. Nifanyeje?*

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Naanza na faini hiyo kwa sababu ndiyo yenye haraka. Usikiri kosa kabla hujakaa na wakili anayejua kwamba unakusudia kudai fidia. Mwambie hivyo waziwazi, maana wakili wa jinai aliyeajiriwa kukutoa mahakamani haraka anaweza kuona faini ndogo ni ushindi mkubwa, naye hatakuwa amekosea kwa kazi aliyopewa.

Shauri lenyewe liko hivi. Ukikiri kwamba uliwakaidi askari, kukiri huko kunabaki kwenye kumbukumbu za mahakama. Utakapofungua madai, wakili wa polisi atakuwa nako mkononi siku ya kwanza. Nchini Marekani jambo hili lina makali zaidi: katika kesi ya Heck dhidi ya Humphrey ya mwaka 1994, Mahakama ya Juu ilisema huwezi kudai fidia kwa hoja ambayo ikikubaliwa itakuwa imebatilisha hukumu yako ya jinai, mpaka kwanza hukumu hiyo iondolewe. Mashtaka ya kukaidi kukamatwa hufuatana na majeraha mara nyingi mno, nami sidhani kila mara ni bahati tu. Nimeona watu waliovunjwa mbavu wakikiri kwa uchovu, kisha madai yao yakafia hapo hapo.

Sisemi udanganye. Umeniandikia kwamba ulivuta mkono. Mwambie wakili wako hivyo hivyo, na ukifika kizimbani sema hivyo hivyo. Kuvuta mkono kabla ya pingu hakumpi askari ruhusa ya kukuvunja kiwiko baada ya pingu. Kesi yako imekaa hasa hapo, kwenye mpaka kati ya kabla na baada. Nataka uuelewe vizuri kuliko kitu kingine chochote katika jibu hili.

Mahakama haitauliza kama yule askari ni mtu mbaya. Itauliza: kwa wakati ule, nguvu ile ilihitajika kwa ajili gani? Hukumu inayonukuliwa zaidi katika jambo hili ni ya Marekani, Graham dhidi ya Connor, ya mwaka 1989. Dethorne Graham alikuwa mgonjwa wa kisukari katika mji wa Charlotte. Siku moja mwaka 1984 alihisi sukari inamshuka, akamwomba rafiki ampeleke dukani akanunue maji ya machungwa. Alipoona foleni ni ndefu, alitoka mbio ili waende kwingine. Askari aliyemwona akatia shaka na kulisimamisha gari. Kabla haijathibitika kwamba dukani hakukutokea lolote, Graham alikuwa amefungwa pingu, kavunjika mfupa wa wayo, kachubuka vifundo vya mikono na kuumia bega. Mahakama ya Juu ilisema nia ya askari, njema au mbaya, siyo kipimo. Kipimo ni kama askari mwenye busara, aliyesimama pale pale na kujua yale yale, angeona nguvu hiyo inafaa. Ikataja mambo ya kutazamwa: uzito wa kosa linaloshukiwa, kama mtu alikuwa tishio la papo hapo, na kama alikuwa akipambana au akijaribu kukimbia.

Kesi iliporudishwa mahakama ya chini kwa kipimo hicho, baraza la raia waliokaa kusikiliza liliwapa askari ushindi. Nakutajia hilo ili ujue unachoingia. Kipimo kinachomtazama askari kwa jicho la askari humpa nafasi kubwa. Ndiyo maana dakika ya pingu ina thamani kwako. Mtu aliyefungwa mikono nyuma, aliyelala kifudifudi, chini ya askari wawili, ni vigumu kumwita tishio la papo hapo.

Jiandae pia kwa jinsi upande wa pili utakavyosimulia. Wakili wa polisi hupenda kukata hadithi ibaki sekunde chache: "aligeuka ghafla, mteja wangu akaogopa." Mwezi Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Barnes dhidi ya Felix iliyotokana na gari kusimamishwa barabarani huko Texas, ilikataa mtindo huo na kusema tukio lote litazamwe, pamoja na yaliyotangulia. Kwa hiyo leo jioni kaa chini uandike kila kitu tangu taa za gari lao zilipokumulika. Alisema nani, nini, ulijibu nini, mikono yako ilikuwa wapi, pingu zilifungwa lini, nani alikuwa upande upi. Usiandike "walinipiga vibaya sana." Andika teke lilitua goti gani. Juu ya karatasi weka maneno "kwa wakili wangu" na umkabidhi yeye tu. Usiyatume kwa marafiki kwenye simu.

Sasa kidole gumba. Rudi kwa daktari wiki hii hii. Pingu zikibana mno huumiza mshipa wa fahamu unaopita ubavuni mwa kifundo cha mkono, na ganzi hutokea nyuma ya kidole gumba, kama unavyoeleza. Daktari wa mishipa ya fahamu anaweza kulipima hilo kwa mashine na kuliandika. Mfupa utaunga na picha zitabaki, lakini ganzi isiyoandikwa na daktari itageuka neno lako dhidi ya lao. Mwambie daktari chanzo cha jeraha, na hakikisha ameandika. Cheti kinachosema "mgonjwa ameumia kiwiko" bila kutaja ameumiaje hakikusaidii sana. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya imeshikilia, kwa mfano katika Selmouni dhidi ya Ufaransa ya mwaka 1999, kwamba mtu akiingia mikononi mwa polisi akiwa mzima na akatoka na majeraha, ni dola inayopaswa kueleza yalivyopatikana. Ili mzigo huo uhamie kwao, lazima kwanza ionekane kwamba uliingia mzima. Mtafute basi mtu aliyekuona saa chache kabla, labda aliyekusaidia kupakia mzigo siku hiyo.

Picha za kamera ndizo hupotea kwanza. Kamera za maduka na vituo vya mafuta hufuta picha za zamani zenyewe, nyingine baada ya siku chache tu, na wewe umeshapoteza wiki tatu. Wakili wako aandike barua leo kwa kituo cha polisi na kwa kila mwenye jengo linalotazama barabara ile, akitaka picha za saa hizo zihifadhiwe, na apate sahihi ya aliyepokea. Barua hiyo ina faida hata picha zikipotea, kwa sababu jaji atauliza zilifutwaje baada ya barua kupokelewa. Nguo za siku ile usizifue. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Ndani ya plastiki zitaota ukungu.

Halafu muda. Hapa ndipo watu wenye kesi nzuri wanaposhindwa bila hata kusikilizwa. Madai dhidi ya serikali mara nyingi yana ukomo mfupi kuliko madai dhidi ya jirani. Ukitaka kuidai serikali ya mji wa New York kwa sheria za jimbo, notisi inatakiwa ndani ya siku 90. Afrika Kusini notisi kwa chombo cha dola ni miezi 6. Nchini Kenya madai ya namna hii dhidi ya serikali yana miezi 12 tu. Uingereza, ukitumia Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, ni mwaka 1. Mahali ulipo uliza maswali mawili tofauti: notisi ni lini, na kufungua kesi ni lini. Malalamiko utakayopeleka kwenye chombo cha kusimamia polisi hayasimamishi saa hiyo. Wengi hukaa wakisubiri uchunguzi umalizike, na unapomalizika mlango umefungwa.

"Mahakama ilimwachia huru. Nimebaki na nini?"

*Mwanangu alipigwa risasi na askari walipokuja nyumbani kumkamata. Hakuwa na silaha. Askari alishtakiwa, akasema aliogopa maisha yake, akaachiwa huru. Watu wananiambia nimuachie Mungu. Mimi namuachia Mungu, lakini je, sheria imekwisha?*

Pole sana, mama yangu. Haijakwisha.

Kesi ya jinai iliuliza kama kosa limethibitishwa pasipo shaka. Kesi ya madai huuliza tu lipi lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Ushahidi ule ule unaweza kushindwa kule na kushinda huku, na hakuna mgongano wowote.

Kuna kesi ya Uingereza ambayo kila familia iliyoko mahali pako ingepaswa kuijua. Mwezi Januari 1998, usiku wa manane, polisi wa Sussex walivamia nyumba ya James Ashley na kumpiga risasi akafa. Alikuwa uchi, hana kitu mkononi. Askari aliyefyatua alishtakiwa kwa mauaji na mwaka 2001 akaachiwa. Familia ikafungua madai. Polisi wakakubali makosa ya uzembe na kuahidi kulipa fidia, kisha wakasema: basi, pesa mtapata, hakuna haja ya kuendelea na dai kwamba kupigwa risasi kwenyewe kulikuwa kinyume cha sheria. Familia ilikataa. Mwaka 2008 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo, Baraza la Malodi, iliwaruhusu waendelee, kwa sababu kutaka mahakama itamke lililotendeka ni haki inayojitegemea, hata pesa ikiwa imeshaahidiwa.

Tena walisema jambo ambalo kwako ni kubwa. Katika jinai, hofu ya kweli ya askari yaweza kumwokoa hata ikiwa haikuwa na msingi. Katika madai, anayedai alijilinda ndiye anayepaswa kuthibitisha, na hofu yake lazima iwe ya kweli na pia yenye sababu ya maana. Maneno "niliogopa" hayatoshi.

Nchi yako inaweza kuwa na sheria tofauti katika hili, lakini swali la kumpelekea wakili ni hilo hilo. Omba nakala ya mwenendo mzima wa kesi ya jinai. Kila shahidi alikwisha kula kiapo mle, na yule askari mwenyewe kama alitoa ushahidi. Anza pia sasa taratibu za kuteua msimamizi wa mirathi ya mwanao, maana mahali pengi ni msimamizi tu anayeweza kudai kwa niaba ya marehemu, na karatasi hizo huchukua miezi. Wategemezi wake, mkewe, watoto na wewe kama alikuwa akikutunza, huweza kuwa na dai lao kando. Stakabadhi za fedha alizokuwa akikutumia ni ushahidi. Tafuta kumbukumbu zake kwenye simu kabla hujabadilisha laini.

"Kwa maandiko yako, sisi askari sote ni majambazi"

*Wakili, nipo kazini mwaka wa kumi na moja. Mtu akinijia na kisu nimwombe kitambulisho? Kila mhalifu sasa anatutishia kesi. Na nikishindwa, nyumba yangu itapigwa mnada?*

Afande, nimefurahi umeandika, na sikuoni jambazi. Sheria inakupa nguvu ambazo mimi sina. Unaweza kumshika mtu asiyetaka kushikwa, na akikuvamia kwa kisu unaweza kumwangusha. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, hazikukatazi hayo. Zinataka uanze na njia zisizo za nguvu kadiri inavyowezekana, nguvu ilingane na uzito wa jambo, aliyeumia asaidiwe mapema iwezekanavyo, na tukio liripotiwe. Kisu kikishaanguka na mtu akishatulia, hali imebadilika, nawe unatakiwa ubadilike nayo. Kesi nyingi nilizosimamia zilitokana na kile kipigo cha mwisho, kilichokuja wakati kazi ya kukamata imeshamalizika. Sikumbuki nimemwona mteja mwenye kisu mkononi akishinda.

Kuhusu nyumba: Uingereza mkuu wa polisi wa eneo ndiye hudaiwa kwa makosa ya askari wake kazini, na fidia hutoka fungu la polisi. Marekani mdaiwa huwa askari mwenyewe, na ili kuidai serikali ya mji ni lazima kuonyesha kwamba sera au desturi yake ndiyo iliyozaa kosa. Lakini kwa kawaida mji ndio hulipa. Mji wa Minneapolis ulikubali mwezi Machi 2021 kuilipa familia ya George Floyd dola milioni 27. Askari wa huko ana pia kinga inayomtoa kesini iwapo hakuna hukumu ya awali iliyokwisha kusema wazi kwamba kitendo cha aina yake ni haramu. Kinga hiyo mimi naiona si ya haki, kwa sababu humwadhibu mtu wa kwanza kutendewa ubaya wa namna mpya, na jimbo la Colorado mwaka 2020 liliikataa katika madai yanayofunguliwa kwa sheria yake. Uliza mwanasheria wa jeshi lako utaratibu wa kwenu, na uombe jibu kwa maandishi.

Sasa yale yaliyo mikononi mwako. Ukishafunga pingu, pitisha ncha ya kidole kati ya chuma na mkono, kisha funga kufuli ya pili ili zisizidi kubana. Nusu ya maumivu ninayoletewa ofisini yangeishia hapo. Mtu aliyelala kifudifudi mgeuze ubavu au mkalishe mara tu anapodhibitiwa. Akisema hapumui, mwamini. Andika ripoti siku ile ile kwa maneno yako. Ripoti mbili zinazofanana neno kwa neno ndizo ninazozipenda kuliko zote ninapomhoji askari kizimbani, kwa sababu moja imenakiliwa, na jaji huanza kujiuliza ni kwa nini. Kama mwenzako amezidisha, mzuie, na uandike kwamba ulimzuia. Mahakama nyingi humwajibisha pia askari aliyeweza kuzuia akasimama kutazama.

"Wametoa ofa, lakini nisiseme popote"

*Nilipigwa nikiwa kituoni baada ya kukamatwa. Wanataka tumalize nje ya mahakama. Kuna kiasi cha pesa na sharti la kutozungumza. Wakili wangu anataka nikubali. Nitajuaje kama inatosha?*

Dada yangu, kwanza mwombe wakili wako akuandikie hesabu kwenye ukurasa mmoja: gharama za matibabu zilizopita, zijazo, mshahara uliopotea, maumivu, na kile anachodhani mahakama ingeongeza kwa sababu aliyekupiga alikuwa amevaa sare. Hicho cha mwisho hutofautiana mno. Mwaka 1996 raia wa London aliyeitwa Kenneth Hsu alipewa na baraza la raia pauni 220,000, ambapo 200,000 zilikuwa za kuwaadhibu polisi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikazishusha zote zikabaki 35,000. Mwaka 2015 ndugu wawili wa Ubelgiji, kila mmoja akiwa amezabwa kofi moja na polisi kituoni, walishinda katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya na kupata yuro 5,000 kila mmoja. Makofi yenyewe yalipigwa miaka ya 2003 na 2004. Ninakuomba uupime muda huo pia: je, unaweza kusubiri, na je, unataka?

Muulize vilevile analipwaje. Kama ni theluthi ya fidia, ni theluthi kabla au baada ya kutoa gharama za wataalamu? Jibu linaweza kubadilisha kiasi utakachobeba nyumbani kwa asilimia nyingi.

Kuhusu kunyamaza, nina msimamo. Siwapendi wanaonunua ukimya wa mtu aliyepigwa na watumishi wa umma kwa fedha za umma. Lakini wewe ndiye unayelala na maumivu hayo, na mtu mwenye kodi ya nyumba na watoto hana wajibu wa kubeba vita vya wengine. Nisingekulaumu ukikubali. Ila sharti hilo hujadiliwa kama kipengele kingine chochote. Mara nyingi wanakubali kuficha kiasi tu, na kukuacha huru kueleza yaliyokupata. Hakikisha hati haikuzuii kutoa ushahidi ukiitwa na mahakama au na wachunguzi, kuzungumza na daktari wako, na kumwambia mwenzi wako. Unaweza kudai pia barua ya kuomba radhi yenye sahihi, na nakala ya makubaliano iwekwe kwenye faili la askari husika. Haya hayawagharimu pesa, ndiyo maana wakati mwingine hupatikana kwa urahisi kuliko nyongeza, na wakati mwingine ndiyo wanayoyakataa kabisa.

Ofa kama hizi huja na tarehe. Mwambie wakili wako aombe kwa maandishi nyongeza ya siku 14, na katika siku hizo peleka hati yote, pamoja na viambatisho, kwa wakili wa pili asiye na theluthi yoyote ndani yake.